Mcheza Kwao Hutunzwa: Hotuba juu ya Ligi ya Raga ya Miji ya Mpakani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya michezo ya vijana, kwa kuwa shauri la kuanzisha ligi ya matawi yetu limo katika shughuli za mkutano huu, nalo litapigiwa kura kabla hatujatawanyika. Sikuona vema kusimama mbele yenu na kuisifu michezo kwa maneno matupu. Hakuna hapa asiyejua kwamba kijana mwenye jambo la kufanya jioni ni salama kuliko kijana asiye nalo. Nimeona afadhali niwaletee habari za watu wengine waliopata mashaka kama haya yetu, ili tupime wenyewe lipi la kuiga na lipi la kuacha.

Mashaka yetu ni mawili. La kwanza ni hili: je, tuanze kwa uwezo wetu mdogo, ama tungoje mfadhili na serikali ya kaunti? La pili ni zito zaidi. Vijana wetu hodari huchukuliwa na klabu za mjini zinazolipa, wala hawaonekani tena nyumbani. Wako waliosema katika mikutano ya matawi kwamba kijana wa namna hiyo afutwe katika daftari la Chama, asihesabiwe tena kuwa wetu. Maneno hayo yalisemwa kwa uchungu, na uchungu wenyewe nauelewa. Hata hivyo, naomba kura isipigwe juu yake kabla hamjasikia mambo yaliyowapata wengine.

Watu nitakaowasimulia hukaa kusini mwa Uskoti, katika nchi inayopakana na Uingereza, ambayo kwa sababu hiyo huitwa Mpakani. Ni nchi ya vilima na kondoo, yenye mito miwili mikubwa, Tweed na Teviot. Katika mabonde yake imo miji midogo ambayo kwa miaka mingi iliishi kwa sufu: kuisokota, kuitia rangi, na kuifuma iwe vitambaa na nguo za baridi. Miji yenyewe ni Hawick, Galashiels, Selkirk, Melrose, Jedburgh, Kelso na Langholm. Hawick, ulio miongoni mwa mikubwa, una watu wapatao 14,000. Langholm una watu elfu mbili na kidogo tu. Katika nchi yetu miji ya kadiri hiyo tungeiita masoko.

Wazee watawaelewa watu hawa upesi nikisema kwamba zamani walikuwa wezi wa ng'ombe. Kwa karne nyingi, mpaka mfalme mmoja alipozitawala Uskoti na Uingereza pamoja mwaka 1603, koo za Mpakani zilipanda farasi usiku, zikachukua mifugo ya jirani na kuchoma nyumba, na jirani naye akaja kulipiza. Wanyang'anyi hao waliitwa Reivers, na jina hilo tutalikuta tena mbele. Uhasama wa namna hiyo hauondoki kwa amri ya mfalme. Wizi ulikoma, lakini majivuno ya kila mji yalibaki, na katika karne ya 19 yalipata pa kutokea pasipo na damu nyingi, yaani uwanja wa raga.

Kwa wasioujua mchezo huu, niueleze kwa ufupi. Kila upande una watu 15. Mpira una umbo la yai, nao huruhusiwa kushikwa mikononi na kukimbizwa, ila haurushwi mbele kwa mikono. Mwenye mpira huangushwa chini kwa kukumbatiwa. Pointi kubwa hupatikana kwa kuugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa adui. Ni mchezo wa nguvu, lakini mtu mwenye nguvu asiyemsikiliza mwenzake hana faida ndani yake.

Najua wazee wengi wakisikia neno raga huwaza mchezo wa mabwana, na hawakosei. Katika Kenya ya ukoloni raga ilikuwa ya klabu za Wazungu, na Mwafrika hakupewa kadi ya uanachama. Miaka mingi ilipita kabla wachezaji Waafrika hawajaunda klabu ya Mwamba mjini Nairobi, mwaka 1977. Hata huko Uskoti, katika miji mikubwa ya Edinburgh na Glasgow, mchezo huu ulikuwa mikononi mwa watu waliosoma katika shule za kulipa ada kubwa. Klabu zao zilikuwa za wahitimu wa shule hizo. Asiyesoma pale hakuwa na mlango.

Mpakani mambo yalikuwa mbali na hayo. Mchezaji aliweza kuwa mfumaji, mchunga kondoo, mwashi, karani au mwenye bucha, na mwana wa mwenye kiwanda alisukumana bega kwa bega na mtu aliyemlipa mshahara. Klabu haikuuliza mtu alisoma wapi. Iliuliza anakaa mji gani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nawaletea mfano wa matajiri.

Langholm walianza klabu yao mwaka 1871, Hawick mwaka 1873, Gala, ndiyo klabu ya Galashiels, mwaka 1875, na Kelso mwaka 1876. Melrose ilizaliwa kwa ugomvi. Miji ya Galashiels na Melrose, iliyo umbali wa maili nne hivi, ilikuwa na klabu moja kwa shirika. Watu wa Melrose walipoona kwamba shughuli zote zinavutwa upande wa Galashiels, walijitenga mwaka 1877, na yasimuliwa mpaka leo kwamba walikwenda usiku wakaing'oa milingoti ya goli, wakaondoka nayo. Mnaona kwamba damu ya Reivers haikuwa imekauka.

Lakini klabu ya Melrose, pamoja na milingoti yake, haikuwa na fedha. Mwaka 1883 mchezaji wake mmoja, Ned Haig, mtu wa kazi ya bucha, alitoa shauri la kufanya mashindano ya alasiri moja ili kupata kiingilio. Shida ilikuwa kwamba timu za watu 15 haziwezi kucheza mechi nyingi katika siku moja. Ikakatwa shauri kwamba kila timu ilete watu saba tu, na muda wa mechi ufupishwe. Wanawake wa Melrose walitoa kombe. Mashindano yalifanyika tarehe 28 Aprili 1883. Mechi ya mwisho ikawa kati ya Melrose na Gala, walewale walionyang'anyana milingoti, wakamaliza sawasawa. Muda ukaongezwa. Melrose walipopata pointi za kwanza walitoka uwanjani palepale na kulidai kombe, na watu wa Gala wakalalamika kwamba muda haukwisha.

Basi raga ya watu saba ilianza hivyo, kwa ajili ya kujaza mfuko wa klabu ndogo. Leo mchezo huo umo katika Olimpiki tangu mwaka 2016, na sisi Wakenya tunauita wetu. Nairobi imekuwa na mashindano yake ya Safari Sevens tangu mwaka 1996. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, vijana wetu wakiongozwa na nahodha Andrew Amonde, na kocha wao akiwa Benjamin Ayimba, ambaye alifariki mwaka 2021, waliwashinda Fiji 30 kwa 7 na kutwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya dunia kwa mara ya kwanza. Furaha tuliyoipata siku ile ilitoka mbali, katika shauri la mwuza nyama aliyeiona hazina ya klabu yake imekauka. Halmashauri yake ingesema "tungoje mfadhili," sijui tungecheza nini.

Sasa niingie katika ligi yenyewe. Mnamo mwisho wa karne ya 19 mechi za raga Uskoti zilipangwa kwa barua na makubaliano. Klabu moja iliialika nyingine, wakacheza, na habari ikaishia hapo. Hapakuwa na jedwali la pointi wala bingwa wa msimu. Tena chama kikuu cha mchezo huo, chenye makao Edinburgh, hakikupenda mashindano ya ligi wala makombe. Wakuu wake walihofu kwamba kombe huleta umati, umati huleta fedha za kiingilio, na fedha za kiingilio huleta mchezaji anayedai mshahara. Walikuwa watu wagumu sana. Yasimuliwa kwamba mfalme George V aliuliza kwa nini wachezaji wa Uskoti hawana namba migongoni kama wenzao, naye mkuu mmoja wa chama akamjibu kwamba hii ni mechi ya raga, si mnada wa ng'ombe.

Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1895, mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, klabu nyingi zilijitenga na chama kikuu cha huko. Wachezaji wao walikuwa wafanya kazi wa migodi na viwanda. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na mtu aliyeacha kazi akacheze alikatwa mshahara. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kumfidia mchezaji kile alichokatwa, wakubwa wakakataa. Tangu hapo raga ikawa michezo miwili: mmoja wa ridhaa, yaani wa kucheza bila malipo, na mmoja ambao mchezaji aweza kulipwa.

Miji ya Mpakani ilikuwa katikati ya mambo hayo. Watu wake walikuwa wafanya kazi kama wale wa Huddersfield, lakini hawakutaka kujitenga na Uskoti. Wakachagua njia ya tatu. Mwaka 1901 klabu tano, yaani Gala, Hawick, Jed-Forest ya Jedburgh, Langholm na Melrose, ziliunda ligi yao wenyewe. Hakuna aliyelipwa, lakini mechi ziliandikwa katika ratiba, kila klabu ilijua siku itakayomkabili jirani yake, na pointi zilihesabiwa mpaka bingwa akapatikana. Bingwa wa kwanza alikuwa Hawick. Selkirk na Kelso waliingia mwaka 1912, zikawa klabu saba. Ligi hiyo, iliyoitwa Border League, yahesabiwa kuwa ndiyo ligi ya raga ya ridhaa iliyo kongwe kuliko zote duniani. Wakubwa wa Edinburgh hawakuwa na ligi ya nchi nzima mpaka mwaka 1973, yaani miaka 72 baadaye.

Ndugu zangu, tufikiri kidogo juu ya miaka hiyo 72. Ligi ilidumu kwa kazi ndogo ndogo zilizofanywa bila kukosa. Mmoja alikata nyasi, mwingine alichora mistari kwa chokaa, mwingine alisimama mlangoni kukusanya kiingilio, na mtunza hazina aliandika kila senti na kusoma hesabu mbele ya watu mwisho wa msimu. Mama walipika chai kwa timu ngeni, hata kama timu hiyo ndiyo iliyowapiga waume zao Jumamosi iliyopita. Wachezaji walifanya kazi yao wiki nzima, wakajifunza mchezo jioni.

Vita kuu ya mwaka 1914 iliisimamisha. Vijana walitoka uwanjani wakaenda Ufaransa, na wengi hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Walter Sutherland wa Hawick, mkimbiaji hodari aliyeichezea Uskoti, ambaye aliuawa mwezi wa Oktoba 1918, vita ikikaribia kwisha. Vita ya pili nayo ilikatiza mechi. Kila mara bunduki ziliponyamaza, miji ileile ilirudia ratiba ileile. Ilikuwa rahisi kurudi kwa sababu hapakuwa na deni la kulipa wala mfadhili wa kusubiri. Palikuwa na uwanja, jirani, na desturi.

Sasa mtaniuliza: walipata faida gani? Nitawapa mifano miwili. Msimu wa 1958 na 1959, Langholm, mji ule wa watu elfu mbili na kidogo, ulimaliza mechi zake bila kushindwa na mtu, ukawa bora katika Uskoti nzima, juu ya klabu zote za Edinburgh na Glasgow. Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Ligi ya nchi nzima ilipoanza mwaka 1973, wengi walitazamia kwamba miji mikubwa yenye watu na shule nyingi itatawala. Ubingwa wa miaka mitano ya kwanza mfululizo ulikwenda Hawick. Kutoka mwaka 1974 mpaka mwaka 1994 ubingwa ulitolewa mara 21. Hawick waliuchukua mara 10, Melrose mara 4, Gala mara 3, na Kelso mara 2. Jumla ni mara 19. Miji mikubwa yote iliambulia mara mbili tu.

Jambo hilo halikuwa bahati. Wale wa mjini walikuwa wakicheza mechi za urafiki wakati wale wa Mpakani walikuwa wamezoea, kwa zaidi ya miaka sabini, mechi ambazo kushindwa kwake kuna uchungu. Kijana wa Jedburgh alijua kwamba akicheza vibaya Jumamosi, Jumatatu atakutana na shangazi yake sokoni, naye shangazi atamwambia. Mwaka 1984 Uskoti iliwashinda wapinzani wake wote wanne katika mashindano makubwa ya mataifa. Nahodha, Jim Aitken, alikuwa wa Gala. Kocha, Jim Telfer, alikuwa wa Melrose. Wale wawili walioongoza mchezo katikati ya timu walikuwa Roy Laidlaw wa Jed-Forest na John Rutherford wa Selkirk. Kutoka vijiji vya kufuma sufu uliendeshwa mchezo wa taifa zima.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, wakatunzwa, ingawa si kwa fedha. Walitunzwa kwa kujulikana jina, kwa kupishwa njiani, kwa kuzikwa na umati.

Lakini singekuwa mwaminifu nikiwaletea upande huu peke yake. Mcheza ugenini naye alifanywaje? Hapa ndipo penye shauri letu la pili.

Ile raga ya kulipwa iliyozaliwa Huddersfield haikuwa mbali na Mpakani, na maajenti wake walizijua njia za huko. Kijana wa kiwandani aliyeonyesha ufundi aliwekewa mezani fedha ambazo asingezipata kwa kufuma miaka mingi. Wengine walikataa, wengine walikubali. Aliyekubali alifungiwa mlango. Kwa sheria ya chama kikuu hakuweza kuichezea tena klabu yake, wala kuifundisha, wala kushika kazi yoyote ndani yake, maisha yake yote. Hakuwa ameiba wala kudanganya. Alikuwa amepokea mshahara kwa kazi ya mwili wake.

Mmoja wao alikuwa Dave Valentine, mzaliwa wa Hawick. Aliichezea Uskoti mara mbili mwaka 1947, na mwaka huohuo akaenda Huddersfield kucheza kwa malipo. Mwaka 1954 alikuwa nahodha wa timu ya Uingereza yote iliyokwenda Ufaransa katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Timu ile haikutarajiwa kufanya lolote, kwa kuwa wachezaji wengi mashuhuri hawakwenda. Tarehe 13 Novemba, mjini Paris, waliwashinda Wafaransa 16 kwa 12 wakalitwaa Kombe. Katika timu ile alikuwamo pia David Rose, aliyetoka Jed-Forest. Vijana wawili wa miji jirani ya Mpakani walikuwa mabingwa wa dunia, na kwa sheria za wakati ule hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuwafundisha watoto wa klabu yake ya nyumbani namna ya kumwangusha mtu. Valentine alifariki mwaka 1976, sheria hiyo ikiwa bado ina nguvu.

Ndugu wanachama, nawaomba mlitafakari neno hilo. Nani alipata hasara? Kijana alikwenda, akapata riziki yake. Hasara ilikuwa ya nyumbani, uliofukuza ujuzi wake kwa hiari. Tena sheria yenyewe haikudumu. Tarehe 27 Agosti 1995, huko Paris, wakuu wa raga ya dunia walitangaza kwamba mchezaji yeyote aweza kulipwa. Jambo lililokuwa dhambi Jumamosi likawa halali Jumapili. Lakini waliokwisha kuzeeka au kufa katika kufukuzwa hawakurudishiwa miaka yao.

Baada ya mwaka 1995 ikaja hadithi nyingine yenye mafunzo. Mwaka 1996 chama kikuu kiliamua kuwa na timu za kulipwa za majimbo, na moja iliwekwa Mpakani. Iliendeshwa kutoka Edinburgh, kwa fedha za Edinburgh. Mwaka 1998 fedha zilipopungua iliunganishwa na timu ya Edinburgh, ikatoweka. Mwaka 2002 ikafufuliwa, ikaja kupewa jina la kale, Border Reivers. Mwaka 2007 ikavunjwa tena, na mpaka leo haijarudi. Mara mbili watu walinunua fulana za timu ile, na mara mbili ilifungwa kwa uamuzi wa watu waliokaa mbali. Ligi ndogo ya mwaka 1901, isiyokuwa na mfadhili mkuu, ilibaki baada ya timu ile ya fedha kwisha.

Sisemi kwamba ligi hiyo haina taabu. Viwanda vingi vya sufu vimefungwa. Reli iliyopita Galashiels na Hawick ilifungwa mwezi wa Januari 1969, na iliporudishwa mwaka 2015 haikufika Hawick. Vijana huondoka kutafuta masomo na kazi kama wetu, na klabu nyingine hutafuta wachezaji kwa shida. Ubingwa wa nchi nzima haupatikani tena kwa urahisi kama zamani. Hata hivyo mwaka 2023 Hawick ilikuwa bingwa wa klabu za Uskoti, na watu walijaa barabarani kama babu zao.

Basi, Bwana Mwenyekiti, nimalize kwa kuyaweka mezani yale ninayoona yatufaa.

La kwanza, tuanze na majirani. Klabu tano zilitosha mwaka 1901, na sisi tuna matawi zaidi ya matano. Mchezo wenyewe si lazima uwe raga. Vijana wetu wapenda kandanda na voliboli, nao wachague wapendacho. Kinachotakiwa ni ratiba iliyoandikwa, ambayo haibadilishwi kwa sababu mwenyekiti wa tawi fulani ana harusi.

La pili, tuanze kwa kidogo tulicho nacho. Mfadhili akija, apokewe kwa heshima, lakini akute shughuli inaendelea. Timu iliyoanzishwa kwa fedha za mbali hufungwa na fedha za mbali. Ned Haig alipunguza wachezaji kutoka 15 mpaka saba ili shughuli ilingane na mfuko. Nasi tukiona hatuwezi nauli ya matawi yote kila wiki, tupunguze mechi, tusipunguze uaminifu. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, hesabu zisomwe hadharani. Kiingilio cha shilingi ishirini kikipotea, ligi huvunjika upesi kuliko kwa mvua. Mtunza hazina wa ligi asiwe ndugu wa nahodha, na daftari lake likaguliwe pamoja na daftari la Chama, katika mkutano huu wa kila mwaka.

La nne, ambalo ndilo lililonifanya niyatafute maneno haya yote. Kijana aliyekwenda kucheza kwa malipo asifutwe. Wazee walio mbele yangu wengi wao waliwahi kuacha shamba wakaenda kutafuta mshahara Mombasa, Nairobi, Nakuru au Kisumu, na Chama hiki chenyewe kiliundwa na watu waliokuwa mbali na nyumbani. Kama baba zetu wangefutwa kwa kwenda kutafuta mshahara, hakuna ambaye angekuwa na haki ya kukaa katika viti hivi. Badala ya kumfuta, tumpe wajibu. Aandikwe katika daftari kama mwanachama aliye ugenini, alipe ada yake, na kila akija likizo awe na siku moja ya kuwafundisha wadogo zake. Asiyetimiza hilo, na aulizwe na Halmashauri kama mwanachama mwingine yeyote. Huko Mpakani walijua kumtunza aliyecheza kwao, lakini walishindwa kumtunza aliyetoka kwao. Sisi tunaweza kuyafanya yote mawili, wala hayatugharimu zaidi ya ukurasa mmoja wa daftari.

Shauri lililo mbele ya mkutano sasa nalirudisha kwako, Bwana Mwenyekiti, na kwa wanachama, ambao ndio wenye Chama na wenye vijana.